Nguvu ya Ridhaa: Kuelekea Miaka 200 ya Polisi wa London

Jioni ya Jumanne, tarehe 29 Septemba 1829, wanaume wapatao elfu moja walitoka vituoni na kusambaa katika mitaa ya London. Walivaa makoti ya buluu na kofia ndefu nyeusi, na kwenye kola ya kila mmoja palikuwa na herufi na namba. Hawakubeba bunduki. Silaha yao ilikuwa kirungu kifupi cha mbao kilichofichwa ndani ya koti, na pamoja nacho kidude cha mbao kilichotoa mlio mkali kikizungushwa, ili askari aliyezidiwa aite wenzake. Usiku ule ndipo ilipoanza kazi Metropolitan Police, taasisi ambayo wenyeji wa London huiita kwa ufupi Met, na ambayo dunia imeizoea kwa jina la makao yake, Scotland Yard.

Mwezi Septemba 2029 taasisi hiyo itatimiza miaka 200. Katika muda huo imepitia vita viwili vya dunia, mabomu, migomo, kashfa na tume za uchunguzi. Imeeneza mbinu za upelelezi zinazotumika leo katika mabara yote. Lakini jambo kubwa kuliko yote katika historia yake ni uamuzi uliofanywa kabla askari wa kwanza hajaingia zamu: kwamba polisi wa mji mkubwa watapata nguvu yao kutokana na ridhaa ya watu wanaowalinda, wala si kutokana na hofu. Met ilipoushika uamuzi huo iliheshimiwa. Ilipoupuuza iliaibika. Historia ya karibu karne mbili ni ushahidi wa hayo.

Mji usio na polisi

Mwanzoni mwa karne ya 19 London ilikuwa mji mkubwa kuliko wowote barani Ulaya, wenye watu zaidi ya milioni moja, lakini haukuwa na polisi kwa maana tunayoijua leo. Kila parokia ilijilinda yenyewe. Kulikuwa na konstebo wa parokia, na usiku kulikuwa na walinzi wa zamu, wengi wao wazee wenye ujira mdogo. Mwizi aliyevuka mpaka wa parokia moja na kuingia nyingine alikuwa karibu amenusurika.

Juhudi za kurekebisha hali hiyo zilianzia kwa watu wachache. Mwaka 1749 Henry Fielding, mwandishi wa riwaya aliyekuwa pia hakimu katika mtaa wa Bow Street, alikusanya kundi dogo la wakamataji wa wahalifu. Ndugu yake John Fielding, aliyekuwa kipofu, akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1798 Patrick Colquhoun na John Harriott walianzisha polisi wa mto Thames huko Wapping, baada ya wafanyabiashara wa West Indies kuchoshwa na wizi wa sukari, ramu na kahawa kutoka melini na gatini. Polisi wale wa mto walionyesha kwamba doria ya kudumu, inayofanywa na watu wanaolipwa mshahara, huzuia wizi kabla haujatendeka.

Penye ghasia kubwa, hata hivyo, serikali haikuwa na chombo kingine isipokuwa jeshi, na jeshi huua. Mwezi Agosti 1819 mjini Manchester, askari wa farasi walivamia umati uliokusanyika kwa amani kudai haki ya kupiga kura. Zaidi ya watu kumi walikufa na mamia wakajeruhiwa. Baada ya siku hiyo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote mwenye busara kuamini kwamba mapanga ni njia ya kutunza amani.

Pamoja na hayo, Waingereza wengi hawakutaka polisi. Walitazama Ufaransa, ambako polisi walijulikana kwa ujasusi wa kisiasa, wakaona ni heri wizi kuliko kupelelezwa na serikali yao wenyewe. Kamati za Bunge zililijadili suala hilo mara kadhaa na kulikataa. Yeyote aliyetaka kuwapa watu wa London polisi alipaswa kwanza kuwaondolea hofu hiyo.

Peel, Rowan na Mayne

Aliyelibeba jukumu hilo ni Robert Peel, Waziri wa Mambo ya Ndani, aliyeushika wadhifa huo mara ya kwanza mwaka 1822. Peel alikuwa na uzoefu. Alipokuwa mtendaji wa serikali nchini Ireland kati ya 1812 na 1818 aliunda kikosi maalumu cha kulinda amani, kikosi cha mabavu kwa nchi iliyotawaliwa kwa mabavu. Kwa London alijua kwamba njia hiyo isingekubalika. Sheria yake ilipata saini ya Mfalme tarehe 19 Juni 1829. Ili ipite, Peel aliliacha nje eneo la kale la katikati, City of London, lililokuwa na mamlaka yake na wakubwa wake. Hadi leo eneo hilo dogo lina polisi wake, tofauti na Met.

Utekelezaji ulikabidhiwa kwa makamishna wawili waliokuwa hawafahamiani. Kanali Charles Rowan alikuwa mwanajeshi aliyepigana Waterloo mwaka 1815. Richard Mayne alikuwa wakili kijana kutoka Ireland. Mmoja alijua kupanga watu, mwingine alijua sheria, na kwa zaidi ya miaka 20 walifanya kazi bega kwa bega. Rowan alistaafu mwaka 1850. Mayne aliendelea hadi kifo chake mwaka 1868, baada ya miaka 39 kazini. Ofisi yao ilikuwa jengo namba 4 katika mtaa wa Whitehall Place, ambalo mlango wake wa nyuma ulifungukia uwanja ulioitwa Great Scotland Yard. Huko ndiko lilikotoka jina lililoenea duniani.

Wawili hao ndio waliotunga maelekezo ya kwanza ya kazi, na hapo ndipo penye kiini cha taasisi yote. Waliwaambia askari kwamba lengo lao la kwanza ni kuzuia uhalifu, na kwamba utendaji wao ungepimwa kwa utulivu wa mitaa, si kwa wingi wa watu waliokamatwa. Waliwataka wawe na adabu kwa watu wa kila tabaka, wavumilie matusi, na watumie nguvu pale tu maneno yaliposhindwa. Maelekezo hayo ndiyo yaliyozaa falsafa ambayo baadaye ilihusishwa na jina la Peel: polisi ni raia aliyelipwa kufanya kwa muda wote kazi iliyo wajibu wa kila raia.

Mpangilio wa taasisi ulifuata falsafa hiyo kwa makini. Buluu ilichaguliwa ili askari asifanane na mwanajeshi, aliyevaa nyekundu. Namba kwenye kola iliwekwa ili mwananchi aliyeonewa aweze kumtaja askari na kumshtaki. Eneo lote liligawanywa katika divisheni 17, kila moja ikiwa na herufi yake, kuanzia A ya Whitehall. Kila divisheni ilipangiwa mrakibu mmoja, mainspekta wanne, masajenti 16 na makonstebo 144. Chini ya divisheni kulikuwa na sehemu, na chini ya sehemu kulikuwa na njia za doria. Konstebo alitembea njia yake kwa mwendo wa kadiri, karibu kilomita nne kwa saa, akijua kila mlango na kila uchochoro, na sajenti alipita kuhakikisha kwamba yupo.

Vyeo havikugawiwa kwa watoto wa wakubwa. Peel na makamishna wake walikataa kuwaleta maofisa wa tabaka la juu kutoka nje, wakaamua kwamba sajenti na inspekta watapanda kutoka chini. Konstebo alipaswa kuwa na umri usiozidi miaka 35, ajue kusoma na kuandika, na awe mrefu wa kutosha. Alilipwa shilingi 21 kwa wiki, ujira wa kibarua, na kwa ujira huo alikatazwa mengi. Hakuruhusiwa hata kupiga kura ya ubunge hadi mwaka 1887.

Kutoka chuki hadi heshima

Miaka ya mwanzo ilikuwa migumu. Konstebo aliyepewa namba 1 alifukuzwa kazi siku ya kwanza kwa ulevi, na hakuwa peke yake. Wengi wa walioandikishwa mwanzoni hawakudumu. Rowan na Mayne hawakuona haya kufukuza. Walielewa kwamba taasisi mpya hujengwa au hubomolewa na tabia ya mtu wa cheo cha chini kabisa, yule anayekutana na mwananchi njiani.

Chuki ya umma ilionekana wazi tarehe 13 Mei 1833. Katika mkutano wa kisiasa huko Coldbath Fields, Clerkenwell, polisi waliutawanya umati kwa virungu, na konstebo Robert Culley akachomwa kisu na kufa. Jopo la raia lililochunguza kifo chake lilitoa uamuzi wa kushangaza: kwamba mauaji yale yalikuwa na uhalali, kwa kuwa umati haukupewa onyo la kisheria na polisi walitumia nguvu kupita kiasi. Uamuzi huo ulitenguliwa baadaye, lakini wajumbe wa jopo walisherehekewa mitaani kama mashujaa. Polisi walikuwa wamepewa somo na watu wa kawaida wa London: sheria inawabana ninyi pia.

Mabadiliko yalikuja polepole, kwa doria za kila usiku, watoto waliopotea wakirudishwa nyumbani, moto ukigunduliwa mapema, milango iliyosahauliwa wazi ikifungwa. Mwaka 1839 sheria ya pili ilipanua eneo la Met na kuwaingiza polisi wa mto Thames. Wakamataji wa Bow Street nao wakafikia mwisho wao. Maonyesho Makubwa ya mwaka 1851 katika bustani ya Hyde Park yalivuta wageni zaidi ya milioni sita, na kinyume na hofu ya wengi, yalikwisha bila vurugu. Kufikia wakati huo watu wale wale waliowazomea askari wa buluu walikuwa wamewapa jina la utani lenye mapenzi, Bobby, kutokana na jina la Robert Peel.

Wapelelezi na alama za vidole

Kwa miaka 13 Met haikuwa na wapelelezi, na hilo lilikuwa la makusudi. Askari asiyevaa sare aliwakumbusha watu ujasusi wa Kifaransa. Mwaka 1842, baada ya msako wa muuaji mmoja kuchelewa mno, kitengo cha kwanza cha upelelezi kiliundwa kikiwa na mainspekta wawili na masajenti sita tu.

Hofu ya watu haikuwa ya bure. Mwaka 1877 wapelelezi waandamizi walifikishwa mahakamani kwa kupokea hongo kutoka kwa matapeli wa mbio za farasi. Serikali ilikisuka kitengo upya. Wakili kijana Howard Vincent, aliyekuwa amesoma mfumo wa polisi wa Paris, alipewa jukumu, na mwaka 1878 ikazaliwa Idara ya Upelelezi wa Makosa ya Jinai, CID, jina lililoenea hata katika vituo vya polisi vya Afrika Mashariki. Mwaka 1883 kikaongezwa kitengo maalumu cha kupambana na mabomu ya wanaharakati wa Ireland. Mwaka uliofuata bomu lao lililipuka Scotland Yard kwenyewe.

Mwaka 1888 ulileta aibu nyingine. Mauaji ya wanawake maskini katika mitaa ya Whitechapel yaliitikisa dunia, na muuaji hakukamatwa. Kamishna Charles Warren, aliyekuwa tayari amelaumiwa kwa kutumia nguvu dhidi ya waandamanaji katika uwanja wa Trafalgar mwaka mmoja kabla, alijiuzulu.

Ushindi mkubwa wa upelelezi ulitoka mbali. Huko Bengal, India, mkuu wa polisi Edward Henry na wasaidizi wake Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose, walikuwa wamebuni njia ya kupanga alama za vidole katika makundi, ili alama moja iweze kutafutwa haraka miongoni mwa maelfu. Henry alihamia London, na mwaka 1901 Met ikafungua ofisi ya alama za vidole. Mwaka 1902 mwizi aliyeiba mipira ya biliadi katika nyumba moja ya Denmark Hill alitiwa hatiani kwa alama ya dole gumba aliyoiacha kwenye rangi mbichi ya dirisha. Mwaka 1905 ndugu wawili wa Deptford walihukumiwa kwa mauaji kutokana na alama iliyopatikana kwenye kisanduku cha fedha. Ni haki kumbukumbu za miaka 200 ziwataje Haque na Bose kwa sauti ile ile inayomtaja Henry, kwa sababu bila hesabu zao kazi ile isingekamilika.

Watu ndani ya sare

Askari naye ni mfanyakazi. Mwezi Agosti 1918, wakati Vita Kuu ya Kwanza haijaisha, zaidi ya askari 10,000 wa London waligoma. Mishahara ilikuwa imeachwa nyuma na bei za vyakula, na chama chao hakikutambuliwa. Serikali iliyashughulikia madai ya mishahara, lakini baada ya mgomo wa pili mwaka 1919 ilipitisha sheria iliyowakataza polisi kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Badala yake iliunda shirikisho la kusikiliza shida zao. Waliogoma mara ya pili walifukuzwa na hawakurudishwa kamwe.

Mwaka huo huo wa 1919 wanawake waliingia doria mitaani, wakiongozwa na Sofia Stanley. Mwaka 1922 serikali, katika kubana matumizi, karibu iwaondoe wote. Waliponusurika waliapishwa mwaka 1923 na kupewa mamlaka ya kukamata. Kwa nusu karne walifanya kazi katika idara yao ya pembeni, hadi 1973 walipounganishwa na wanaume. Mwaka 2017 Cressida Dick akawa mwanamke wa kwanza kuwa kamishna.

Wananchi nao walipata njia mpya ya kuwafikia polisi. Mwezi Novemba 1935 nyumba moja katika mtaa wa Wimpole Street iliungua na wanawake watano wakafa. Jirani aliyepiga simu kuita msaada alikuwa ameachwa akisubiri kwenye foleni ya simu za kawaida. Malalamiko yake ndiyo yaliyosukuma kuanzishwa kwa namba ya dharura 999, tarehe 30 Juni 1937, ya kwanza ya aina yake duniani. Malalamiko ya raia mmoja yalifanya kazi ambayo kamati nyingi hazikuifanya.

Wengi waliovaa sare hiyo hawakurudi nyumbani. Konstebo Yvonne Fletcher alipigwa risasi kutoka ndani ya ubalozi wa Libya mwezi Aprili 1984, akiwa analinda maandamano. Konstebo Keith Palmer alichomwa kisu katika lango la Bunge tarehe 22 Machi 2017, akimzuia muuaji asiingie. Hakuwa na bunduki. Hao na wenzao wanastahili kutajwa kwa heshima katika maadhimisho yoyote.

Ridhaa ilipovunjika

Heshima ya miaka 200 haiwezi kujengwa kwa kuficha. Kufikia miaka ya 1970 rushwa ilikuwa imeota mizizi ndani ya CID. Kamishna Robert Mark, aliyeongoza kuanzia 1972 hadi 1977, aliunda kitengo cha kuwachunguza polisi wenyewe, na katika uongozi wake mamia ya maofisa waliondoka, baadhi yao wakaishia gerezani.

Kidonda kirefu zaidi kilikuwa uhusiano na wakazi weusi. Waliokuja kutoka Karibea, Afrika na Asia kuijenga upya Uingereza baada ya vita walijikuta wakishukiwa kwa rangi yao. Norwell Roberts, aliyejiunga mwaka 1967 akiwa askari mweusi wa kwanza wa Met katika zama hizo, alivumilia kutengwa na matusi ya wenzake ndani ya kituo. Mwezi Aprili 1981 polisi wasiovaa sare walimwagwa Brixton, na katika siku chache watu 943 wakasimamishwa na kupekuliwa. Mtaa ulilipuka kwa siku tatu. Jaji Lord Scarman alichunguza na kueleza kwamba polisi walikuwa wamepoteza imani ya jamii waliyopaswa kuitumikia. Sheria ya mwaka 1984 iliweka kanuni kali za upekuzi, mahojiano na mahabusu: mtuhumiwa ana haki ya kuonana na wakili, saa zake kizuizini zina kikomo, na sajenti wa mahabusu, asiyehusika na upelelezi wa kesi yake, anawajibika kwa usalama wake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tarehe 22 Aprili 1993 Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa na genge la vijana wazungu akisubiri basi huko Eltham. Upelelezi ulivurugwa tangu saa za kwanza. Wazazi wake, Doreen na Neville Lawrence, walipigania haki kwa miaka. Ripoti ya Jaji William Macpherson ya Februari 1999 ilitamka kwamba ubaguzi wa rangi ulikuwa umejengeka ndani ya taasisi yenyewe, ikatoa mapendekezo 70. Watu wawili walitiwa hatiani mwezi Januari 2012, karibu miaka 19 baada ya mauaji.

Karne mpya ilileta majaribu yake. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 katika treni na basi, na polisi walifanya kazi ya kishujaa chini ya ardhi. Wiki mbili baadaye polisi hao hao walimpiga risasi Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazili asiye na hatia, ndani ya treni huko Stockwell. Mwaka 2007 Met yenyewe ilitiwa hatiani kwa kuhatarisha usalama wa umma. Mwezi Machi 2021 ofisa wa Met asiyekuwa zamuni alitumia kitambulisho chake cha polisi kumteka na kumuua mwanamke kijana aliyekuwa akitembea kurudi nyumbani. Baroness Louise Casey aliichunguza taasisi nzima, na ripoti yake ya Machi 2023 ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi, dharau kwa wanawake na chuki dhidi ya mashoga vilikuwa vimekaa ndani ya Met.

Met ya leo

Met inalinda eneo la takriban kilomita za mraba 1,570 lenye wakazi karibu milioni tisa. Ina maofisa zaidi ya 30,000, pamoja na wafanyakazi raia, askari wa kujitolea, na wasaidizi wa polisi jamii walioanza kazi mwaka 2002. Ngazi za vyeo ni 11, kutoka konstebo hadi kamishna. Wilaya 32 za London zimepangwa katika kamandi 12; Hackney na Tower Hamlets ni kamandi moja, Lambeth na Southwark nyingine. Ngazi ya chini kabisa ni kata, yenye askari waliotengwa kwa ajili yake peke yake, mrithi wa ile njia ya doria ya mwaka 1829.

Juu ya kamandi hizo kuna vikosi vya jiji zima: upelelezi wa mauaji, farasi, mbwa, mto Thames, ambao kituo chake bado kipo Wapping, na maofisa wenye silaha za moto, ambao ni sehemu ndogo ya askari wote. Met pia ina majukumu ya kitaifa. Inaongoza mapambano dhidi ya ugaidi, na inailinda familia ya kifalme na Bunge.

Uwajibikaji nao umebadilika. Kwa miaka 171 Waziri wa Mambo ya Ndani pekee ndiye aliyeisimamia Met. Mwaka 2000 iliundwa mamlaka ya polisi ya London, na tangu 2012 Meya anayechaguliwa na wananchi ndiye anayeweka vipaumbele na kusimamia bajeti. Kamishna huteuliwa na Mfalme kwa ushauri wa Waziri, ambaye hana budi kuzingatia maoni ya Meya. Mashtaka mazito huamuliwa na ofisi huru ya waendesha mashtaka, iliyoanza mwaka 1986, na malalamiko mazito dhidi ya polisi huchunguzwa na chombo kilicho nje ya polisi.

Somo kwetu

Uingereza ilipounda polisi wa makoloni yake haikupeleka mfano wa London. Ilipeleka zaidi ule wa Ireland: askari wenye bunduki, wanaoishi kambini, wanaowajibika kwa gavana. Ndivyo ilivyokuwa Kenya, na ndivyo ilivyokuwa Tanganyika, ambako polisi ya Waingereza iliundwa mwaka 1919. Mtawala alijua kwamba hakuwa na ridhaa ya watu, kwa hiyo hakuiomba. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilika siku moja, lakini tabia za chombo hazibadiliki kwa siku moja. Juhudi za miaka ya karibuni, kama polisi jamii na polisi kata nchini Tanzania, Nyumba Kumi nchini Kenya, na Katiba ya Kenya ya 2010 iliyoleta Huduma ya Taifa ya Polisi, ni juhudi za kupata kile ambacho mkoloni alijiwekea nyumbani kwake na kutunyima sisi.

Kwa hiyo miaka 200 ya Met si sherehe ya Waingereza pekee. Ni hesabu ambayo kila mji mkubwa unaweza kujifunza kwayo. Sare, magari, kamera na silaha hununuliwa kwa bajeti. Ridhaa hainunuliwi. Hutafutwa kila siku na konstebo anayevaa namba inayosomeka, anayemsimamisha mtu kwa sababu anayoweza kuieleza, na anayejua kwamba akikosea atajibu. Rowan na Mayne walilijua hilo mwaka 1829, na wakubwa waliowafuata walilipa gharama kila walipolisahau. Wenye dhamana ya polisi wa miji yetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, Mombasa na Kampala, wanayo nafasi ya kujifunza bila kulipa gharama hiyo. Waichukue.